Jicho la Makali

Swali la kumi na moja ndilo lililoleta balaa. Yale kumi ya mwanzo yalikuwa ya kawaida tu, umri, uzito, umewahi kupasuliwa, una meno ya bandia, na Makali alikuwa akiyajibu kwa mzaha wake ule ule wa siku zote, hata karani wa kike wa hospitali aliyekuwa akiandika akawa anatabasamu chini chini. Kisha karani akasoma: "Umewahi kuingiwa na chuma jichoni, au kufanya kazi ya kusaga, kunoa au kuchomelea vyuma?"

Makali akafungua mdomo. Kabla neno halijatoka, mkewe akamwahi.

"Hapana," akasema.

Karani akainua macho. "Namuuliza mgonjwa, mama."

"Mgonjwa koo linamsumbua leo. Jibu ni hapana. Mume wangu ni fundi cherehani."

Jamani! Mtu aliyenoa visu, mapanga na mikasi miaka ishirini na sita, mtu ambaye mtaa mzima haukumjua kwa jina jingine ila Makali, leo kafanywa mshonaji huku anasikia kwa masikio yake. Fundi cherehani hasa alikuwa huyo mkewe, ndiyo maana huko mtaani wakamwita Mama Sindano, na watu walizoea kutania kwamba nyumba ile usiingie kizembe, mmoja anakata na mwingine anachoma. Makali akageuka kumtazama. Mkewe akamkanyaga mguu chini ya meza. Karani akaandika, akafungua ukurasa mwingine.

Tusimlaumu mapema. Dakika kumi tu kabla yao, kwenye kiti hicho hicho, alikuwa amekaa baba mmoja mwenye betri ya moyo iliyopandikizwa kifuani. Akaulizwa, akasema kweli. Karani akapiga mstari kwenye fomu yake na kumwambia, "Pole sana, baba, utafiti huu hautakufaa, wewe na sumaku haviendi pamoja." Mama Sindano alimwona yule baba akikunja karatasi zake mara mbili, mara nne, mara nane, mpaka zikagoma kukunjika, halafu akabaki pale pale kana kwamba hajaambiwa aondoke. Ikabidi karani amwambie tena. Basi Mama Sindano akachukua somo lake: hapa ukitaja chuma, umekwisha.

Na nafasi yenyewe haikuwa ya kuchezea. Asubuhi ile daktari wa utafiti, bwana mrefu mwenye sauti ya taratibu, aliwakalisha wagonjwa na ndugu zao, akawaeleza kwa maneno ya kueleweka.

"Dawa tunayowapa inapita kwenye damu, inakwenda kila mahali," alisema. "Tatizo ni kwamba hatujui kiasi gani kinafika kwenye uvimbe, na kikifika, kinakaa au kinapita tu kama mtu aliyekosea mlango. Sasa, ndani ya dawa hii kuna florini. Mwilini mwenu hamna florini ya kutosha kusikika. Kwa hiyo tunaitega mashine yetu ya sumaku isikilize florini tu, basi. Ikiisikia kwenye uvimbe, tunajua hiyo ni dawa, imefika. Ini likianza kuivunja, sauti yake inabadilika, na hilo nalo tunaliona kwenye kioo. Dozi ya kwanza inaingia mkiwa mmelala ndani ya mashine, nasi tunasikiliza kama saa moja hivi."

"Na ikionekana haikai?" aliuliza Mama Sindano. Yeye peke yake ndiye aliyeuliza.

"Tutaongea na daktari wake wafikirie dawa nyingine mapema."

"Na bila hiyo mashine?"

"Tunangoja miezi mitatu, tunapiga picha, tunaangalia uvimbe umepungua au umekua."

Miezi mitatu! Mama Sindano alimtazama mumewe kiunoni. Mkanda wa suruali ulikuwa na matundu mapya mawili ambayo Makali aliyatoboa mwenyewe kwa msumari, la pili wiki ile ile. Mtu wa namna hiyo unamwambia angoje miezi mitatu ndipo ajulikane kama anatibiwa au anapoteza muda?

Nje, kwenye varanda ndefu ya hospitali, Makali akasimama kupumzika, mkono ameuweka ubavuni kulia kwenye ini lake lenye uvimbe.

"Tangu lini mimi nikawa fundi cherehani?"

"Tangu saa nne na robo."

"Basi nipe mafunzo, bosi. Angalau ya siku mbili. Nisije nikaulizwa vifungo." Akacheka, kisha maumivu yakamkata kicheko katikati. "Siku ni lini?"

"Keshokutwa," akasema mkewe. "Tembea."

*

Kesho yake wifi akaja. Huyu ni dada mkubwa wa Makali, mwanamke aliyesimamia stoo ya shule ya bweni kwa miaka thelathini, na hata baada ya kustaafu aliendelea kuwasimamia ndugu zake kama magunia ya unga: anawahesabu, anawapanga, anauliza kilichopungua. Aliposikia habari ya swali la kumi na moja alipiga makofi.

"Hapo umetumia akili, wifi yangu. Watu wa hospitali ukiwapa sababu moja ya kukukataa, wao wanakuongezea ya pili."

Mama Sindano akaitikia kwa kichwa, huku anapiga pasi suruali ya mteja. Kwenye meza ya cherehani yake kulikuwa na karatasi waliyopewa na karani, kurasa tatu ndogo ndogo za maelezo, na wewe unajua karatasi za hospitali, mtu anazichukua kwa heshima na kuzitia mkobani, hazisomi. Lakini siku ile, wifi alipokwenda jikoni kukagua sufuria zisizo zake, Mama Sindano akaivuta, akasoma huku pasi ikiendelea. Ukurasa wa pili akakuta maneno haya: *Sumaku ya mashine hii ina nguvu kubwa mno kuliko sumaku za kawaida, na haizimwi hata wakati mashine haitumiki. Chembe ya chuma iliyosalia jichoni, hata isiyoonekana wala kuhisiwa, inaweza kusogea na kukata jicho kwa ndani. Mtu anaweza kupofuka.*

Akasoma tena. Mara ya tatu akasoma akifuata kwa kidole. Kisha akaisimamisha pasi vizuri na kuizima, maana suruali ilikuwa ya watu.

Makali alikuwa barazani, kwenye kigoda chake kando ya mota na jiwe la kunolea. Mota hakuiweza tena, mtikisiko wake ulimuumiza, lakini alikuwa na mkasi wa kinyozi mmoja na alikuwa akiunoa kwa mkono kwenye jiwe dogo la maji, taratibu, akipumzika kila baada ya mara chache.

"Baba," mkewe akasema, "siku ile ya panga la bucha. Kile kichuma kilichokuingia jichoni kilitoka chote?"

"Kipi hicho?"

"Usijifanye. Jicho la kushoto lilivimba wiki nzima, nikawa nakuongoza kwenda chooni."

"Aa, kile! Mwenzangu wa benchi alikitoa kwa sumaku. Si ndivyo tunavyotoana."

"Chote?"

"Sasa mke wangu, mimi nilikuwa mwenye jicho tu. Mwenye kuona alikuwa yeye."

Mkewe hakucheka. Akamsomea yale maneno. Makali akasikiliza mpaka mwisho. Akauweka mkasi chini, akapapasa nyuma ya kigoda, akatoa sumaku yake. Ilikuwa imetoka kwenye spika kubwa iliyokufa, nzito, pana kama kisahani, na kila jioni aliipitisha chini ya jiwe kukusanya unga wa chuma ili watoto wa watu wasikanyage. Akaifuta vizuri kwa kitambaa.

"Kuna njia fupi ya kujua," akasema.

"Wee! Usifanye hivyo!"

Lakini alikwisha kuinua. Akalikodoa jicho la kushoto, akaisogeza sumaku karibu nalo kabisa, karibu iguse kope, akaanza kuipeleka kulia, taratibu, kisha kushoto, kisha juu. Wifi alikuwa amefika mlangoni na mwiko mkononi. Ndivyo walivyofanya siku zote wanoaji hawa, jicho la mwenzako likiingiwa unamletea sumaku, chuma kinakuja chenyewe, na kisipokuja basi hakimo. Kwao hiyo ilikuwa elimu iliyokamilika. Chozi likamtoka Makali, likatiririka hadi kidevuni.

"Chozi la nini?" mkewe akauliza.

"Jicho limekodolewa dakika nzima, lisitoe maji?"

"Umehisi kitu?"

Akachelewa kidogo. Kidogo tu, kama mtu anayetafuta neno.

"Hamna kitu. Safi kabisa."

"Si unaona!" akasema wifi. "Kama kingekuwemo kingevutwa."

"Karatasi inasema ile sumaku yao si kama hii."

"Karatasi, karatasi! Wifi, nikwambie jambo moja tu. Ukienda kuropoka sasa hivi, nafasi anapewa mtu mwingine, na wewe unarudi na mumeo nyumbani mkahesabu siku. Ndugu yangu akifa, mimi nitajua nani alimnyima mashine." Aliyasema hayo bila kupaza sauti, na hilo ndilo lililotisha. "Nani atakuwa na uso wa kuja msibani?"

Makali hakutia mzaha wowote. Alirudisha sumaku mahali pake, akaushika mkasi wa kinyozi, akaendelea. Mama Sindano akabaki amesimama na karatasi yake. Upande huu kuna jicho, upande ule kuna ini, na katikati kuna yeye na neno lake moja alilolisema upesi upesi mbele ya karani. Mficha maradhi kifo humuumbua, ndivyo alivyofundishwa na mama yake mzazi. Lakini mama yake hakumwambia afanye nini pale ambapo kufichua nako kunaweza kuua.

*

Siku ikafika. Chumba cha kubadilishia nguo kilikuwa kidogo, pazia badala ya mlango. Walimvua Makali mkanda, saa, pete, hata viatu kwa sababu ya vile vijicho vya chuma vya kupitishia kamba, wakamvika gauni la hospitali lenye kufungwa mgongoni kwa vitambaa. Alitoka amelishika kwa nyuma kwa mkono mmoja. Miguu yake ilikuwa imekonda, magoti yamekuwa makubwa kuliko mapaja, na watu wazima watatu waliokaa kwenye benchi wakatazama sakafuni kwa adabu. Mama Sindano aliona haya kwa niaba yake, akaenda kusimama nyuma yake kama anayemsindikiza tu.

Aliyewapokea alikuwa dada wa mashine, msichana mchangamfu mwenye koti jeupe, mpira wa dripu alikwisha kuuandaa. Nyuma yake kulikuwa na mlango mnene wenye alama nyekundu, na kutoka humo ndani mlisikika kitu kinagonga, ko-ko-ko, bila kuchoka.

"Hiyo sumaku," Mama Sindano akauliza, "iko hata sasa hivi?"

"Iko saa zote, mama, haizimwi. Mwezi uliopita fundi wa umeme alisahau bisibisi mfukoni. Ilitoka yenyewe, ikaruka mpaka ndani. Wanaume wawili walihangaika kuibandua." Akacheka kwa kukumbuka. Kisha akatazama fomu. "Kumbe wewe ni fundi cherehani, baba! Mungu kakuleta. Hebu niambie, hili koti langu, kila nikilifua pindo linajikunja hivi. Shida ni uzi au ni kitambaa?"

Makali akalishika lile pindo. Akalitazama kwa makini sana, akaligeuza, akalirudisha. Mama Sindano alitaka ardhi ipasuke immeze. Pindo lilikuwa limevutwa mno wakati wa kushona, mtoto wa wiki moja kazini angeliona.

"Sindano," Makali akasema hatimaye.

"Sindano?"

"Haikunolewa."

Dada wa mashine akaangua kicheko, akidhani ni utani, na Makali naye akacheka ili iwe utani. Lakini kicheko cha yule dada kilififia taratibu. Macho yake yalikuwa yameangukia kwenye vidole vilivyoshika pindo la koti lake. Kwenye ngozi ya vidole vile, na juu kuelekea kiwiko, kulikuwa na vidoto vyeusi vidogo vidogo, vingi, mahali ambapo cheche ziliingia zamani na ngozi ikajifunga juu yake.

"Mikono yako hii, baba, ni ya cherehani kweli?"

"Cherehani ya zamani," akasema Makali. "Ile ya chuma tupu."

Msichana akasita. Pengine aliona haya kumbana mtu mzima mgonjwa aliyeshikilia gauni lake kwa nyuma, pengine alitaka kuamini. Akanyanyua fomu. "Sheria yetu lazima niulize tena hapa mlangoni. Chuma jichoni, umewahi?"

"Hapana," akasema Makali mwenyewe, wazi, bila kutafuna.

"Haya. Karibu."

Akashika kitasa. Ko-ko-ko ikaongezeka. Makali akageuza kichwa kumwangalia mkewe, akamkonyeza, kama kusema tumeshinda, bibie. Alimkonyeza kwa jicho la kushoto.

"Dada, ngoja!" Mama Sindano alikwisha kumdaka yule msichana mkono kabla hajajua kwamba amesogea. "Fundi cherehani ni mimi. Yeye ananoa visu. Ananoa mapanga, ananoa kila kitu, miaka ishirini na sita! Aliingiwa na chuma, jicho hili hili, hatujui kama kilitoka. Usimwingize. Nimedanganya mimi. Usimwingize, mwanangu, nakuomba."

"Nyamaza!" Makali akasema.

"Sinyamazi!"

Dada wa mashine akaufunga mlango, akahakikisha umefungika, akakaa kwenye kiti cha kwanza alichokiona. Uchangamfu wote ulikuwa umemtoka usoni.

"Mama," akasema kwa sauti ndogo, "unajua ulitaka nifanye nini? Ningemwingiza mimi. Kwa mikono yangu mwenyewe."

*

Walimpiga eksirei ya macho. Wakangoja majibu saa mbili kwenye benchi, na Makali aliacha nafasi ya mtu mmoja katikati yake na mkewe. Wifi akapiga simu kuuliza mashine imesemaje. Mama Sindano akamwambia kila kitu, akasikia sauti ile ile isiyopanda: "Umemwua ndugu yangu, wifi." Simu ikakatwa. Akaendelea kuishikilia sikioni muda mrefu ili mumewe asijue kwamba imekatwa.

Daktari wa utafiti akawaita ofisini kwake, akaigeuza kompyuta waone. Fuvu la Makali lilikuwa pale, kijivu, na ndani ya tundu la jicho la kushoto, nyuma kabisa, kulikuwa na kidoto cheupe kisichozidi punje ya chumvi.

"Hiki hapa," akasema daktari. "Kimekaa humo miaka mingi, kimetulia. Kwenye sumaku yetu kisingetulia."

Mama Sindano akaziba mdomo kwa mkono. Makali hakushtuka hata kidogo, na mkewe aliliona hilo.

"Najua kimo," akasema Makali. "Kilivuta jana nilipokijaribu kwa sumaku yangu. Kilichoma kidogo, huku nyuma."

"Ulisema safi!" mkewe akapiga kelele.

"Nilisema safi kwa sababu nilikuwa nimeshaamua." Akamgeukia daktari, akasogea ukingoni mwa kiti, mikono yake yenye vidoto ameiweka juu ya meza. "Daktari, tuongee kiume. Hilo ni jicho moja. Ninalo jingine, zima, linaona mpaka uzi wa mke wangu. Niandikie karatasi, niseme nimekubali mwenyewe, niweke sahihi na dole gumba juu yake. Jicho chukueni. Mimi nataka kujua kama dawa inafika."

"Siwezi."

"Ni langu!"

"Najua ni lako. Na bado siwezi, baba. Hakuna karatasi ya namna hiyo."

"Basi kitoeni kwanza."

"Kiko nyuma sana. Daktari wa macho atakutazama, lakini hiyo ni safari nyingine ya wiki na wiki, na kwenye utafiti huu tunasikiliza dozi ya kwanza tu. Dozi yako haifai kungoja. Utaanza leo mchana, wodini."

Mama Sindano akainua kichwa. "Ataanza? Dawa anapata?"

"Bila shaka anapata. Ile ile, kiasi kile kile." Daktari akamtazama, akaelewa. "Mama, ulidhani akikosa mashine anakosa dawa? Mashine haitibu. Inasikiliza tu."

Alitaka kucheka, alitaka kulia, hakuna kilichotoka. Kumbe ule uongo wote, ile miguu iliyokanyagwa chini ya meza, ulikuwa ni wa kuling'ang'ania sikio! Lakini furaha haikudumu hata dakika, kwa sababu Makali alikuwa bado hajaondoa mikono mezani.

"Dawa ninapata," akasema. "Lakini hamtajua kama inafika."

"Hatutajua mapema."

"Mpaka miezi mitatu."

"Ndiyo."

"Na kama haifiki?"

Daktari angeweza kusema tutaona, angeweza kusema tumwombe Mungu, wengi husema hivyo. "Basi tutakuwa tumechelewa," akasema, na angalau hakutazama pembeni.

Walipotoka, karani alikuwa akiita jina la mtu wa kwanza kwenye orodha ya akiba. Mama mmoja mzee akainuka upesi, nusura aangushe mkoba wake. Alipopishana na Makali mlangoni aliwatambua kuwa ndio walioikosa nafasi ile, akafungua mdomo, hakujua kama aseme pole au asante. Akainama kidogo tu na kupita.

*

Wodini walimpa kitanda cha dirishani. Muuguzi alitafuta mshipa mara tatu kabla hajaupata, kisha akaitundika chupa, akaipiga kwa ukucha, dawa ikaanza kushuka tone kwa tone. Haikuwa na rangi yoyote. Ungeambiwa ni maji ungekubali. Mama Sindano alikaa kwenye stuli, mkoba magotini, mkanda wa mumewe na pete yake vimo humo ndani.

"Umekasirika?" akauliza.

"Sana."

"Mpaka lini?"

"Miezi mitatu," akasema Makali akitazama ukuta.

Kwenye kitanda cha jirani mtu alikuwa akikoroma. Dawa iliendelea kushuka, ikaingia kwenye mpira, ikaingia mkononi, na kuanzia hapo hakuna jicho la binadamu lililoweza kuifuata. Mama Sindano alijikuta akimtazama mumewe ubavuni, mahali pa ini, juu ya shuka, kana kwamba akikaza macho vya kutosha ataona kitu. Alikuwa na hofu ya namna ambayo hata kusali hakuwezekani, maneno yanakatika katikati.

"Wewe unadhani inafika?" Makali akauliza.

Sauti haikuwa na hasira tena. Alikuwa amegeuza kichwa, anamtazama kwa macho yote mawili, anangoja.

Jibu lilikuwa jepesi. Neno moja tu, lingempa usingizi mgonjwa, na kila mke mwenye huruma angelisema. Mama Sindano alilitafuta, akalikuta liko ulimini tayari.

"Sijui, mume wangu," akasema.

"Si useme tu inafika."

"Sijui. Natamani kujua mpaka naumwa, lakini sijui."

Makali akafumba macho. Mkewe akadhani kamkasirisha upya, akaanza kujilaumu, angepungukiwa nini kumpa mtu neno moja. Kisha akaona kidevu cha mumewe kinatetemeka. Miaka yote ile, mtu huyu alikatwa vidole, alivunjiwa kibanda, alizika baba na mama, na kila mara alitafuta la kuchekesha.

"Naogopa," Makali akasema. "Mke wangu, naogopa sana."

"Na mimi naogopa."

"Kumbe na wewe?"

"Tangu siku ya kwanza. Hata kula siwezi."

Akasogeza miguu yake upande wa ukuta, taratibu, mkono wenye dripu akiulinda, mpaka ikapatikana nafasi ya mtu mwembamba. Mama Sindano akavua viatu, akapanda. Sheria ya wodi ilikataza, na muuguzi aliwaona, lakini alikuwa na shughuli zake, akapita. Wakalala hivyo mchana kweupe, bega kwa bega, wanaitazama ile chupa.

"Inaisha saa ngapi?"

"Wamesema saa kumi."

"Usiondoke kabla haijaisha," akasema Makali.